Jinsi ya kupima kichwa, uso, shingo na tezi: vidole vipite njia ileile kila siku

Mwaka wangu wa mwisho wa staji, yaani mafunzo kazini, katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuja mama mmoja wa makamo. Alilalamikia tumbo. Chakula hakishuki, alisema, na nguo zote zinampwaya. Nilimpima tumbo vizuri, nikapitisha vidole viwili chini ya taya mara moja, nikaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: "Shingo: hakuna kitu." Alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa hadi shingoni, na juu yake amejizungushia kitenge mabegani kwa sababu asubuhi ile kulikuwa na mvua na baridi. Nje watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Sikumwambia avue.

Infirmie titulere wetu, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mama mwenye miaka mingi kazini, alipita akasimama. "Mama, samahani, tufungue kidogo hapa." Akaweka vidole vitatu juu ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa kati ya shingo na bega, akanyamaza. Kisha akashika mkono wangu akauweka palepale. Kulikuwa na kivimbe kigumu kama kokwa, ukikisukuma hakiendi popote. Hakunigombeza. Alichora mstari juu ya sentensi yangu, akaandika yake.

Majina ya tezi zote za shingo niliyajua siku ile, kwa Kifaransa na kwa mpangilio, kama mtu anavyojua rozari. Kilichokosekana ni nguo kuvuliwa na vidole kufika. Ndiyo maana nawaandikia stajiere na infirmie wanaofanya kazi Kadutu, Bagira, Panzi au juu kule Walungu na Kaziba, mahali ambapo ekografi, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, iko mbali na vidole viko karibu.

Kabla ya kugusa

Andaa kiti kisicho na egemeo refu, ili uweze kusimama nyuma ya mgonjwa. Andaa tochi, utepe wa kupimia, glasi ya maji ya kunywa, stetoskopu, pamba kidogo na glavu. Nawa mikono kwa sabuni, hata kama maji ni ya jerikani. Kisha isugue mpaka ipate joto. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi mikono ya infirmie huwa baridi kama bati. Mkono baridi ukigusa shingo, misuli inakaza, na msuli uliokaza unaficha tezi.

Sasa omba avue: kitambaa, kitenge, mkufu, rozari, peruki. Kola ifunguliwe mpaka mitulinga yote miwili ionekane. Kwa mama aliyesuka meshi, utapapasa kati ya mistari, hutamwambia afumue. Funga pazia kwanza. Kama wewe ni mwanaume na yeye ni mwanamke, mwache gadi-malade wake, yaani anayemuuguza, akae ndani.

Hapa nitakaa kidogo. Sehemu kubwa ya kipimo hiki inafanyika ukiwa nyuma ya mgonjwa, mikono yako miwili ikiwa shingoni mwake. Fikiria mtu wa Kivu, na yale ambayo wengi wetu tumeyapitia kwa miaka hii ya vita, anashikwa shingo kutoka nyuma na mtu asiyemwona. Nimeona mama akiruka kutoka kwenye kiti na kulia. Basi anza mbele, macho yaonane, umwambie: "Mama, nitasimama nyuma yako, nitakushika ku shingo polepole, natafuta kama kuna tezi. Ukisema niache, naacha." Akijibu "niko naogopa", fanya yote ukiwa mbele. Inawezekana kabisa, inachukua tu muda zaidi.

Kuna wagonjwa wawili ambao kwao unabadilisha mpango. Wa kwanza ni aliyeanguka na moto, yaani pikipiki. Motari au abiria wake aliyegonga kichwa, au anayesema shingo inauma baada ya ajali, usipindishe shingo yake hata kidogo. Mlaze, kichwa kishikwe kikiwa kimenyooka, na utaendelea na mengine akishapigwa picha ya eksirei. Wa pili ni mwenye vipele na homa. Vaa glavu kabla hujagusa chochote. Tutarudi kwake.

Kichwa

Tazama ukubwa na umbo, halafu nywele, halafu ngozi. Nywele nyepesi, za rangi ya kutu, zinazong'oka bila maumivu kwa mtoto aliyevimba miguu: unaijua hiyo, ni bwaki, yaani kwashiakoo. Nywele zilizokatika kwenye paji na panja kwa msichana anayesuka kwa kukaza ni meshi yake inayovuta, na dawa ni kulegeza. Mabaka ya mviringo yenye magamba kwa mtoto wa shule ni mapunye. Angalia chawa nyuma ya masikio. Usidharau vitu hivi vidogo, kwa sababu dakika tano baadaye utakuta tezi kisogoni na utakuwa tayari unajua imetoka wapi.

Papasa fuvu lote kwa ncha za vidole, kuanzia paji hadi kisogo, ukitafuta uvimbe, shimo au mahali panapouma. Gusa mishipa ya panja. Kwa mzee mwenye kichwa kinachouma upande mmoja, na mshipa huo ukawa mgumu na unauma, muulize kuhusu macho siku hiyohiyo.

Kwa mtoto mchanga, kipimo cha kichwa ni utosi. Mkalishe mapajani kwa mama, awe ametulia. Mtoto anayelia utosi wake unatuna hata akiwa mzima. Weka vidole viwili bila kukandamiza. Utosi wa nyuma hufunga karibu miezi 2, wa mbele kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18. Ukiwa umezama kwa mtoto anayehara, amekaukiwa na maji. Ukiwa umetuna na umekaza kwa mtoto mwenye homa anayekataa ziwa, fikiria homa ya uti wa mgongo na usimrudishe nyumbani. Kisha pima mzunguko: utepe upite juu tu ya nyusi, juu ya masikio, na mahali kisogo kilipotokeza zaidi. Pima mara tatu, chukua namba kubwa. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati huwa kati ya sentimita 33 na 37. Namba moja peke yake haisemi mengi; ile ya mwezi ujao ndiyo inayoonyesha kama kichwa kinakimbia.

Uso

Simama mbele, usimwambie kitu kwanza. Tazama kama pande mbili zinalingana akiwa kimya, halafu akiongea. Kisha mwambie afanye mambo manne: ainue nyusi, afumbe macho kwa nguvu wakati wewe unajaribu kuyafungua kwa vidole, aonyeshe meno, ajaze hewa mashavuni.

Tofauti moja hapa inafaa kuijua usingizini. Mdomo umepinda lakini paji bado linakunjamana pande zote mbili: tatizo liko ndani ya ubongo, fikiria kiharusi, umtume hospitali haraka. Mdomo umepinda, jicho halifumbi na paji la upande huohuo limelala laini kama la mtoto: ni mshipa wenyewe wa fahamu wa uso. Huyo wa pili atahitaji jicho lake lilindwe lisikauke, na umtazame sikio pia.

Kwa hisia, tumia pamba: paji, shavu, kidevu, upande huu na ule, macho yakiwa yamefumbwa. Halafu aume meno, uguse misuli ya taya ikikaza. Weka kidole mbele ya tundu la sikio, afungue na kufunga kinywa. Kinywa cha mtu mzima kwa kawaida kinaingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima. Kama hakifunguki, na ana kidonda mahali fulani, usihangaike na jino. Fikiria pepopunda.

Vuta kope la chini utazame kama limepauka. Tazama uvimbe wa macho wa asubuhi unaopungua mchana: pima mkojo, ni figo. Uso wa mviringo uliojaa mashavu, na mikono ikiwa myembamba: uliza kwa upole kuhusu vidonge vya kunenepa vinavyouzwa sokoni na losheni za kung'arisha ngozi, kwa sababu ndani mara nyingi mna kotizoni, dawa ya jamii ya steroidi. Hataki kusema mbele ya shemeji yake, kwa hiyo chagua wakati.

Kwa watoto, mambo matatu ya usoni hayasubiri. Moja ni kidonda cha fizi chenye harufu, shavu limevimba, mtoto amekonda au ametoka kuugua surua. Hiyo ni noma, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Inakula shavu kwa siku chache, na ikikamatwa mapema antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula vinaizuia. La pili ni taya linalovimba haraka na meno yanalegea bila kutoboka. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliandika kuhusu watoto wa namna hiyo, na saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Inakua kwa siku, si kwa miezi. Lakini ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa vizuri, kwa hiyo anayempeleka mtoto kung'oa jino kwanza anampotezea wiki ambazo hana. La tatu ni jipu la taya lenye homa, ambalo mtoto hawezi kumeza mate.

Uvimbe mbele na chini ya sikio, unaoinua ndewe ya sikio juu ukimtazama kutoka nyuma, ni wa tezi ya mate. Ukiwa wa ghafla, unauma, na wenzake shuleni wanao, ni matubwitubwi. Ukiwa pande zote mbili, hauumi, umekaa miezi, na ni mtoto: omba kipimo cha VVU.

Shingo kwa macho

Akae wima, wewe mbele, taa itoke upande mmoja ili uvimbe utupe kivuli. Tochi ya simu iliyoshikwa pembeni inaonyesha zaidi kuliko balbu ya darini. Tazama makovu, matundu yanayotoa usaha, na chale. Chale mbichi juu ya uvimbe zinakuambia kwamba familia iliuona zamani na kwamba wameshapita kwa mganga wa kienyeji. Mgonjwa akisema "juzi juzi tu", chale zilizopona zinakuambia vingine. Usimkaripie. Uliza tena kwa njia nyingine: "Wakati wa Noeli ilikuwa tayari iko?" Watu wanakumbuka sikukuu kuliko tarehe.

Kisha aguse kifua kwa kidevu, ageuke kulia na kushoto, aangalie juu. Mwenye homa ambaye kidevu hakifiki, na anakunja magoti ukimwinua kichwa akiwa amelala, ni wa kupelekwa leo. Mwisho ainue mabega wakati unayakandamiza, na ageuze uso dhidi ya kiganja chako.

Njia ya tezi

Tezi za limfu, vichujio vidogo vya majimaji ya mwili, ziko mamia mwilini, na sehemu kubwa yake iko kichwani na shingoni. Kosa la wengi ni kupapasa pale mgonjwa anapoonyesha na kuishia hapo. Dawa yake ni kuwa na njia moja, ianzie mahali pamoja na iishie mahali pamoja, kila mgonjwa, hata aliyekuja kwa kidole cha mguu. Njia yangu ni hii.

1. Mbele ya masikio.
2. Nyuma ya masikio, juu ya mfupa.
3. Kisogoni, pale nywele zinapoishia.
4. Pembe ya taya.
5. Chini ya taya, katikati.
6. Chini ya kidevu.
7. Mbele ya msuli mkubwa wa shingo, ule unaotoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua, kuteremka.
8. Nyuma ya msuli huo, kupanda au kuteremka, hadi ukingo wa bega.
9. Juu ya mitulinga, na nyuma yake.

Vidole vitumike viwili au vitatu, nyama ya ncha, kucha zikiwa fupi. Usiteleze juu ya ngozi kama anayepaka mafuta. Bandika vidole, uisogeze ngozi yenyewe juu ya kilicho chini, miduara midogo, polepole. Kandamiza kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu mkono mzito unaisukuma tezi ndani na hutaikuta. Pima pande mbili kwa pamoja ili ulinganishe, isipokuwa chini ya kidevu, ambapo mkono mmoja unapapasa na mwingine unashika kichwa.

Kichwa kiinamishwe kidogo mbele, na kielekezwe upande unaoupima. Vitabu vingine vinaonyesha shingo imenyooshwa nyuma. Kwa tezi hapana, misuli inakuwa kama kamba za mahema. Kwa zile za ndani, chini ya msuli mkubwa, kunja kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, uushike msuli kama unavyoshika mpini, upapase kilicho nyuma yake. Haipendezi kwa mgonjwa, kwa hiyo mwambie kabla.

Juu ya mtulinga ndipo nilipoanguka mimi. Mabega yalegee na yaje mbele kidogo, vidole viingie kwenye shimo nyuma ya mfupa, kisha mwambie avute pumzi ndefu au akohoe. Tezi iliyojificha inakuja juu kugonga kidole.

Vipo vitu vitakavyokudanganya. Mshipa wa karotidi, ule mkubwa wa damu pembeni mwa shingo, unadunda; tezi haidundi. Kati ya sikio na pembe ya taya, ndani, kuna ncha ya mfupa wa uti wa shingo, ngumu kabisa, ambayo kila mwaka stajiere mmoja ananiletea kama saratani. Ipo pande zote mbili, ipapase kwako mwenyewe sasa hivi. Chini ya taya kuna tezi ya mate, pana na yenye mabonde, si ya mviringo. Ukiwa na shaka kama ni msuli au tezi, jaribu kuizungusha: tezi inahama juu na chini, na pia mbele na nyuma. Msuli na mshipa vinakubali upande mmoja tu.

Ukiishazoea, njia yote ni dakika mbili.

Umekuta tezi: sasa?

Kwanza isome. Iko wapi, ngapi, ukubwa gani, ugumu gani, inahama au imeshika, inauma au haiumi, ngozi juu yake ikoje, na kama ziko nyingi, zimeshikana au kila moja peke yake.

Ukubwa uandike kwa sentimita. Nimesoma fishi zinazosema "kama harage", na hapa kwetu ukienda soko la Kadutu utakuta maharage ya ukubwa wa aina nne au tano. Utepe uko mfukoni, utumie. Kwa ugumu, nilifundishwa kipimo ambacho mtu anatembea nacho: laini kama mdomo, imara kama ncha ya pua, ngumu kama paji.

Tezi ndogo ya chini ya sentimita 1, laini, inayohama na isiyouma, chini ya taya au kwenye shingo ya mtoto, ni kitu cha kawaida. Watoto wanaopata mafua kila mvua inapoanza wanazo daima. Mwambie mama hivyo, alale usingizi. Ile ya juu ya mtulinga haina kawaida, hata iwe ndogo.

Pili, rudi ilikotoka. Kila kundi linapokea maji ya eneo lake. Chini ya kidevu: mdomo wa chini, meno ya mbele, ncha ya ulimi. Chini ya taya: meno, fizi, shavu. Pembe ya taya: matezi ya koo. Mbele ya sikio: jicho na ngozi ya panja. Nyuma ya sikio na kisogoni: ngozi ya kichwa, yaani chawa, mapunye, vipele vya mashine ya kinyozi, au rubela kama kuna vipele vidogo vya mwili mzima. Basi fungua kinywa kwa tochi na mpini wa kijiko, gonga meno, tazama koo na sikio. Mara nyingi unakuta jino lililooza na kazi inakuwa imekwisha.

Tatu, tafuta wenzake: kwapani, kinenani, na wengu. Tezi zikiwa sehemu mbili au zaidi zisizopakana, ugonjwa ni wa mwili mzima. VVU iwe ya kwanza kupimwa.

Baada ya hapo, kuna sura ambazo katika Kivu yetu utakutana nazo kuliko nyingine.

*TB ya tezi.* Upande wa shingo, mara nyingi nyuma ya msuli. Haiumi, haina joto, imekaa wiki au miezi. Mwanzo kila moja iko peke yake, halafu zinashikana kuwa fungu, ngozi inageuka ya zambarau, inatoboka, inatoa usaha mwepesi usiokauka. Uliza kuhusu jasho la usiku, kukonda, na nani anakohoa nyumbani. Usipasue! Nimeona matundu ya mwaka mzima yaliyotokana na wembe wa mtu aliyedhani ni jipu. Itobolewe kwa sindano kupitia ngozi nzima ya pembeni, na kilichotoka kiende labo. Kama anakohoa, makohozi nayo.

*Malale.* Kama mgonjwa ametoka Maniema au maeneo mengine yenye mbung'o, na ana homa inayokuja na kuondoka, anasinzia mchana na anakesha usiku, papasa kwa makini pembe ya nyuma ya shingo. Tezi za malale ni laini, zinateleza, haziumi. Thomas Winterbottom, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika mwaka 1803 kwamba wafanyabiashara wa watumwa walikwepa kununua watu wenye tezi hizo. Walipapasa shingo kabla yetu, kwa sababu zao. Leo ugonjwa huo una vidonge vya kumeza, fexinidazole, kwa wengi wanaokamatwa mapema. Omba kipimo cha damu, na majimaji ya tezi yatazamwe chini ya darubini kabla hayajakauka.

*Mpox.* Tangu Septemba 2023 aina mpya ya kirusi hiki ilipotokea Kamituga, kwenye migodi ya dhahabu ya Mwenga, kila infirmie wa Kivu Kusini amejifunza kuunganisha vipele na tezi. Dunia ilitangaziwa dharura tarehe 14 Agosti 2024. Tezi za shingo, kwapa au kinena zinavimba na kuuma, kabla ya vipele au pamoja navyo. Tetekuwanga kwa kawaida haifanyi hivyo. Glavu, barakoa, mgonjwa atengwe, zoni ya afya ijulishwe, na utepe wako usafishwe kabla ya mgonjwa mwingine.

*Tezi ya juu ya mtulinga wa kushoto.* Shuleni kwetu inaitwa ya Troisier, wengine wanasema ya Virchow. Mrija mkuu wa limfu kutoka tumboni unamwaga upande huo, ndiyo maana saratani ya tumbo inaweza kujitangaza shingoni. Ile ya kulia inakupeleka zaidi kifuani. Zote mbili ni za kutuma, si za kujaribia amoksilini.

Kwa tezi nyingine inayouma, yenye joto, na jino au koo kuwa na shida, tibu chanzo na mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Ikibaki wiki nne hadi sita bila maelezo, au ikikua, au ikiwa ngumu kama paji, inahitaji kukatwa kipande na kusomwa. Na ombi langu moja: usimpe prednisoloni au deksametazoni "ili uvimbe ushuke" kabla hujajua ni nini. Saratani inayoanzia kwenye tezi za limfu hushuka kweli kwa dawa hizo, inajificha, na kipande kitakachokatwa baadaye hakisomeki vizuri.

Rovu na tezi ya tiroidi

Rovu ni uvimbe wa tezi ya tiroidi, iliyo mbele ya shingo; kwetu watu wengi wanasema gwatri. Kisiwa cha Idjwi, kinachoonekana ukivuka ziwa Kivu kwenda Goma, kiliwahi kuwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa sana duniani kuhusu ugonjwa huu. Watafiti Wabelgiji walifanya kazi pale miaka ya 1960 na 1970. Waliona rovu nyingi zaidi kaskazini mwa kisiwa kuliko kusini-magharibi, ingawa iodini ilikuwa pungufu kote. Tofauti ilikuwa kwenye muhogo: usipoloweshwa vizuri, mabaki yake mwilini yanazuia tezi kuchukua ile iodini kidogo iliyopo. Kwa hiyo mwenye rovu muulize chumvi anayonunua na muhogo anaula vipi.

Mpe glasi ya maji. Shingo inyooke kidogo nyuma, anywe, wewe utazame pembeni. Kinachopanda na kushuka wakati wa kumeza ni tiroidi au kitu kilichoshikamana nayo. Kivimbe cha katikati kinachopanda akitoa ulimi ni cha kuzaliwa nacho.

Sasa nyuma yake, kichwa kikiwa kimelegea. Tafuta kwa vidole koromeo, teremka hadi pete ngumu iliyo chini yake, na chini tu ya pete hiyo ndipo ilipo sehemu nyembamba inayounganisha pande mbili za tiroidi. Kwa pande, sukuma bomba la hewa kuelekea kulia kwa vidole vya kushoto, na vidole vya kulia vipapase kati ya bomba na msuli. Ameze. Geuza. Kila upande ulinganishe na kipande cha mwisho cha kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe: ukiwa mkubwa kuliko hicho, imekua. Haipapasiki wala haionekani kuwa imekua, daraja 0. Inapapasika lakini haionekani shingo ikiwa kawaida, daraja 1. Inaonekana, daraja 2.

Andika kama ni laini yote, ina vivimbe vingi, au ina kimoja kigumu. Weka stetoskopu juu yake. Mvumo, pamoja na mikono inayotetemeka na moyo unaokimbia, ni tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Rovu kubwa ambayo mwisho wake wa chini huufikii, mwambie ainue mikono yote miwili juu ya kichwa kwa dakika moja. Uso ukijaa damu na pumzi ikibana, sehemu yake imeingia kifuani. Sauti iliyokauka na kutorudi, ichukulie kwa uzito.

Bomba la hewa na mishipa

Kidole kimoja kwenye kishimo juu ya mfupa wa kifua: bomba liwe katikati. Likisukumwa upande mmoja, na mgonjwa anahema, nenda kwenye kifua haraka. Karotidi ipapaswe upande mmoja kwa zamu, kamwe si zote mbili pamoja, utamwangusha. Mshipa wa vena unaoonekana umejaa hadi juu mgonjwa akiwa ameegemea nyuzi 45 ni habari ya moyo.

Fishi

Andika ukiwa bado naye, kwa mfano: "Tezi 1, shingo kulia, nyuma ya msuli, sm 2.5 kwa 2, imara kama ncha ya pua, inahama, haiumi, ngozi safi, wiki 5. Juu ya mitulinga: hakuna. Kwapa, kinena: hakuna. Wengu haupapasiki. Kichwa, meno, koo: safi. Tiroidi daraja 0. Arudi Jumanne ya tatu." Mchoro mdogo wa shingo wenye alama ya msalaba unasaidia kuliko mistari mitano, hata kama huwezi kuchora.

Neno "hakuna" liandikwe pale tu vidole vilipofika. Kama mama alikataa kuvua kitambaa, au foleni ilikushinda, andika hivyohivyo: "Juu ya mitulinga hakukupimwa, hakuvua kitambaa." Atakayempokea kesho ataanzia hapo.